Wawili Mbele, Watatu Nyuma

Kocha Syayipuma huchora kwa chokaa
juu ya zege lililomwagwa juu ya lava:
wawili mbele, watatu nyuma.
"Msimfuate mtu," anasema. "Mtu ana hila.
Lindeni mahali. Mahali hapahami."

Mimi nimepewa pembe ya kushoto, chini ya ringi,
hatua nne kwa tano.
Akiingia mtu ni wangu, akitoka si wangu tena,
namkabidhi kwa Masika kwa sauti,
kama wanavyokabidhiana chukudu yenye mzigo mteremkoni:
"Shika! Kushoto! Shika!"

Sikusema kitu, lakini kwetu ubishi huu ni wa zamani.
Usiku ule mlima ulipopasuka
na mawingu yakawa rangi ya kaa,
mama alicheza mtu kwa mtu:
kitoto mgongoni, mkono mmoja Mbusa,
mkono mwingine kola ya sweta yangu,
mimi wa miaka kumi na mitano, naburutwa kama mbuzi
njia ya Sake.
Baba alicheza eneo.
Aliketi kizingitini, hati ya kiwanja ndani ya koti,
ndoo mbili za maji miguuni
(mbili!)
akasema hatoki.

Moto ulikata kona mtaa wa tatu kutoka kwetu.
Hadi leo baba anasema: nililinda.
Mama anasema: ulikaa tu, moto ukajiendea.
Hapo baba huuliza polepole, akimega bugali:
na Mbusa ulimwacha wapi?
Maana kule penye umati mkono ulichomoka.
Siku mbili tulimtafuta, tukamkuta
kwa wauza viazi, ameshiba, hataki kuondoka.
Bugali linaisha, ubishi hauishi.

Jumamosi wakaja wa Bukavu na meli ya usiku,
macho mekundu, viatu vyeupe.
Namba tisa wao, Nsimire, wa kitivo cha sheria,
hapambani na mtu. Anasimama pasipo na mwenyewe,
pale eneo langu linapokwisha na la Masika halijaanza,
upana wa unyayo,
anatupa. Tatu.
Anatupa. Tatu.
Wavu hatuna, mpira unapita kimya;
unajua umeingia kwa kuutazama uso wa kocha.

"Mtu kwa mtu!" Akafuta chokaa kwa soli ya kiatu.
Nikamvaa Nsimire kama shati lililolowa.
Nikajua pumzi yake, nikajua
anavyouma mdomo kabla ya kwenda kulia.
Akainama kufunga kamba, nikainama naye.
Hakupata tena hata pointi moja.
Lakini alinitembeza, dada yule, polepole,
mpaka karibu na benchi lao,
akasimama, mikono kiunoni, akinitazama
ninavyomlinda asifanye lolote.
Na nyuma yangu ile pembe, hatua nne kwa tano,
imebaki kama nyumba iliyokimbiwa.
Msichana mfupi, ambaye hakuna aliyemtaja mchezo mzima,
akapita hapo, akauweka mpira ndani ya ringi
kama anayetua sufuria jikoni.

Hamsini na moja kwa hamsini.

Kocha hakugomba. Alikung'uta chokaa mikononi.
"Kila ulinzi una tundu lake," alisema.
"Chagueni tundu mnaloweza kulala nalo."
Nililibeba neno hilo njia nzima kutoka Katindo,
umeme umekatika, begi likinigonga mgongoni.
Sijachagua.

Penye njia panda, penye giza kuliko kote,
mwanga wa simu: mama, kitenge begani, amenifuata.
"Mmeshindwa?"
Tumeshindwa.
Akaikamata kola ya jezi yangu, mimi na urefu wangu wote huu,
tukatembea juu ya mawe.

Mtaa mzima mweusi,
ila langoni kwetu kibatari kimoja
na mtu ameketi kizingitini,
hainuki.