Nusu Nauli

Nyuma ya daftari la hesabu la Ambilikile,
chini ya jedwali la kuzidisha,
nimechora visiwa vitatu kwa penseli.
Unguja imetoka kama soksi. Pemba imetoka kama soksi
iliyofuliwa mara nyingi.
Mafia sikuichora: ni tone la chai lililonidondoka,
nikaliandika jina.

Tabata Kimanga, saa tatu usiku, umeme upo.
Baba Ambi ameshika simu, anajumlisha.
Mtu wa Tukuyu huyu, kakulia mgongoni mwa mlima;
bahari kwake ni kitu cha kutazama
huku umeegemea ukuta.
"Boti yenyewe inakwenda kasi gani?"
anauliza, kama mtu anayeulizia bei
ya kitu asichotaka kununua.

Zamu yangu ya mchezo ni Novemba.
Laki nane, kijumbe asipougua ghafla kama mwaka jana.
Toa ada ya Januari.
Toa sare ya Tusekile, aliyerefuka bila kuomba ruhusa.
Kinachobaki nakigawa kwa visiwa
kama kuku wa wageni:
huyu paja, huyu shingo, huyu mchuzi.

Mafia ikaangukia mchuzi.
Toka Pemba huwezi kuteremka moja kwa moja;
urudi Dar, upande basi mpaka Nyamisati,
ukae hapo na mizigo yako usubiri kuvuka.
"Hiyo ni safari iliyozaa safari," akasema Baba Ambi,
na kifutio kikapita.
Tone la chai lenyewe halikufutika.

Tusekile akalia. Alishaliahidi darasa zima
kwamba ataogelea na potwe,
na kwamba potwe ni mkubwa kuliko basi la shule
lakini ana adabu.
Nikamwambia potwe hahami, mwakani tutamkuta.
Sijui kama ni kweli.

Basi: Unguja siku mbili, Pemba siku nne,
Wete, kwa shangazi yangu Mtumwa,
ambaye ukimtajia hoteli anakata simu.

Ndipo nikaiona ile karatasi ya nauli vizuri.
Mtoto wa chini ya miaka kumi na miwili, nusu.
Ambilikile anafikisha kumi na miwili
tarehe kumi na nne Desemba.
"Tunaondoka tarehe kumi na tatu!"
Nilipiga meza, vikombe vikaitika.
"Na kurudi?"
"Kurudi tutalipa. Anakwenda nusu, anarudi mzima."

Nilikuwa natania.
Baba Ambi hakucheka. Aliweka simu chini.
"Rudia hapo mwisho," akasema.
"Anarudi mzima."
"Haya."

Nyuma ya pazia sauti ikatoka,
ile sauti mpya inayopasuka katikati:
"Mama, mimi si nusu."

Kilo moja na robo tatu, hospitali ya Amana,
miezi saba tu tumboni.
Nilimbeba kifuani wiki tano, ngozi kwa ngozi,
nikihesabu pumzi zake kama mtu anayehesabu chenji
gizani.
Muuguzi mmoja alikuwa akipita anasema,
"Huyu bado hajamalizika, mvumilie."

Nikachukua penseli.
Nikafuta nusu, nikaandika nzima, kwenda na kurudi.
Shangazi ataongeza siku moja ya kutulisha,
au tutakula mihogo Forodhani badala ya pweza.

Jumapili tukampeleka baba yao Magogoni
akafanye mazoezi kwenye pantoni.
Dakika chache za maji, Kigamboni ile pale,
unaona mpaka rangi ya miavuli ya wauza matunda.
Alishika chuma kwa mikono miwili,
macho kayakaza kwenye lori la matofali
kama ndugu yake wa pekee.
Tusekile akahesabu majaketi kwa sauti, akapotea,
akaanza upya.

Na Ambilikile kasimama nyuma ya baba yake,
kiganja kakitanua karibu na mgongo wa shati,
hakigusi,
vile tunavyofanya
kwa mtoto anayejifunza kusimama dede.