Rangi Nne za Hilary Mhina

Picha ameileta Mama Mhina ndani ya daftari la vikoba,
imekunjwa mara mbili, mkunjo umepita shavuni.
Anataka fulana ishirini na nne, rangi ya maziwa,
za mbio za baiskeli za kumkumbuka, Chumbageni hadi Pongwe.
"Umweke kama alivyokuwa," kasema, akaketi juu ya ndoo.

Kumweka, mama, sharti kwanza nimtawanye.

Njano yake kando: paji la uso, ukosi wa shati.
Wekundu wake: midomo, ufizi,
kidole alichong'atwa na mnyororo.
Bluu ni kidogo, imejibanza chini ya kidevu.
Halafu nyeusi, ya kuwashika wenzake wasikimbie.
Lakini kila kipande kikitoka mashineni ni cheusi:
njano nyeusi, damu nyeusi,
nukta tupu, kama ufuta uliomwagika.
Jua la saa sita la Barabara ya Kumi na Tatu ndilo linalozisoma.
Nahesabu hadi mia moja na themanini,
naimwagia fremu maji,
na pale palipofunikwa na giza
dawa inaachia, rangi inapata mlango.

Mama anaziinua filamu dirishani, moja moja.
"Meno yako wapi?"
Hayapo. Fulana ingekuwa nyeusi
ningemtandikia weupe kwanza, kama shuka, ndipo nimlaze.
Hapa meno ni ya kitambaa.
Nimeyaacha tu.
Akaguna, guno lisilokubali wala kukataa.

Njano. Kausha. Nyekundu. Kausha.
Bluu, ambayo juu ya rangi ya maziwa huinamia kijani,
nimeitia tone la wekundu. Nyeusi mwisho.
Misalaba midogo ya pembeni ikalaliane;
ikipishana unene wa ukucha, mtu anaota midomo miwili.

Ya kumi na tisa ilipishana. Mjukuu wangu aliigonga meza.
Wekundu ulimtangulia Hilary upande wa kushoto,
kana kwamba katikisa kichwa.
Nikaikunja iwe tambara.

"Lete hiyo."
Akaikunjua magotini.
"Huyu ndiye. Lini alitulia akapigwa picha?"

Kaivaa palepale, juu ya gauni, wino ungali na joto.
Zilizobaki nikazifunga kwa kamba ya katani.
Nilitaka kumpunguzia bei ya ile moja.
Akakataa, akahesabu hadi sarafu ya mwisho,
akauliza kama ikifuliwa
itahama tena.