Hatua Tisa

Nilikipata Kanazawa, mvua ikinyesha,
kati ya vitabu vya mapishi na kamusi iliyong'oka jalada:
kitabu cha mabomba.
Kurasa mia nne na kumi juu ya maji ya mji,
yanakotoka, yanakopita, yanakopotelea.
Muuzaji akanitazama, akakitazama kitabu,
akanipunguzia yen hamsini bila kuombwa.

Sikumwambia kazi yangu.
Kazi yangu ni kuisikiliza barabara.
Saa nane za usiku, magari yakishalala,
nasimamisha fimbo ya chuma juu ya lami,
sikio juu ya fimbo,
natulia.
Bomba zima halisemi kitu.
Lililotoboka hunong'ona, shhh,
kama mama anayebembeleza mtoto ukuta wa pili.

Kitendawili.
Tega.
Hupita chini ya kitanda chako kila usiku
na hujapata kumwambia karibu.

Kitabu chenyewe hakina vitendawili.
Kipenyo, kina, shinikizo, mwaka wa kufukiwa,
na sura nzima juu ya vali
niliyoisoma kwenye treni hadi nikapitiliza kituo.
Ila mwenyewe wa kwanza alikuwa na penseli.
Tokunaga, Idara ya Maji, limeandikwa jalada la ndani.
Mtu mbishi. Ukurasa wa themanini: "Nani kapima hapa?"
Wa mia na sita: "Uongo."
Wa mia mbili na kumi na mbili, kando ya mchoro safi
unaoweka vali mbele ya duka la chai:
"Siyo. Hatua tisa mashariki.
Tuliihamisha mwaka wa theluji kubwa, hakuna aliyeandika."

Februari, mtaa uleule.
Mnong'ono tuliusikia, vali hatukuiona.
Tulichimba palipochorwa, tukapata udongo,
na udongo, na kijiko cha mtoto.
Bwana Kuramochi, kinyozi, akatoka, koti juu ya pajama,
akasema sakafu yake inatoka jasho, mwaka wa tatu huu,
na ofisi imemjibu kwa barua nzuri sana.

Nikahesabu hatua tisa. Patupu.
Nishiwaki, mkuu wa zamu, akaangalia saa
kwa namna ya kutaka nimwone akiangalia.
Mwenda bure si mkaa bure: nikaongeza ya kumi,
ya kumi na moja,
na fimbo ikalia chuma kwa chuma.

Vali ilizunguka kwa shida, ikakwaruza, ikafunga.
Mnong'ono ukakatika katikati ya neno.
Nyumba arobaini zililala bila maji na bila habari;
walipoamka kupiga mswaki, maji yalikuwa yamerudi.

Leo nimekaa na kitabu, na penseli yangu.
Nilitaka kuandika mengi: tarehe, shukrani,
jina la kinyozi, habari za kijiko.
Chini ya mwandiko wa Tokunaga nimeandika tu:
"Kumi na moja. Wewe ulikuwa na miguu mirefu."