Matundu Manne

Satini nyeupe haina msamaha.
Tone moja la kutu, na bibi harusi wa Muheza
aliketi usiku kucha akilifunika kwa kiwiko.
Nilimwona. Nikajifanya nafunga waya wa taa.

Miaka sita napamba kumbi kwa pikapu hii:
marobota ya vitambaa, maua ya plastiki, taa za kumeta,
juu yake turubai la buluu na kamba za manila,
na juu ya turubai, Hoza.

Upepo wa Pongwe ulilipiga turubai,
nalo likapiga makofi njia nzima.
Masika ilijua kila tobo la sindano.
Kisha usiku mmoja, Barabara ya Kumi na Tano,
nimeshuka kununua betri tu,
wembe ukapita, marobota mawili yakashuka,
Hoza amelala juu ya mengine.
Nilimfokea mpaka Chumbageni.
Ana miaka kumi na tisa. Alikuwa hajalala tangu juzi.

Ushauri haukukosekana.
Shemeji: nunua kanopi ya fiba, iko Dar.
(Bei yake ni pikapu nyingine.)
Mama Chausiku: fuga mbwa.
Mwingine akasifu kifuniko cha kuviringisha kama mkeka.
Fundi Shehiza wa Mabawa akacheka:
chumvi ya hapa italikamata koo kabla ya Maulidi.

Yeye alipima bodi kwa shibiri kwanza,
kisha kwa futi. Eti chuma huona haya
ukikianza na futi.
Akakata shiti la milimita mbili,
akaupa mfuniko mgongo wenye mteremko
maji yasipate pa kukaa kitako.
Mpira wa kuzunguka mdomo aliubandua
kwenye mlango wa Skania iliyokufa.
Bawaba akazificha ndani,
kufuli akalizamisha kwenye kikombe cha chuma,
mkasi wa mwizi uje ulambe, using'ate.

Siku ya tatu namkuta na drili,
anatoboa sakafu ya sanduku langu,
pembe hii, pembe ile, zote nne.
Nikapiga kelele: Nimekulipa uzibe!

Hakuinua kichwa.
"Bi Mwanahija, ufa wa ukutani ziba, sikukatazi.
Lakini maji ni mwenyeji wa mji huu,
yataingia hata kwa pumzi ya vitambaa vyenyewe.
Sanduku lisilojua kutoa ni birika.
Jua likiwaka utachemsha satini."

Akayavalisha matundu wavu wa shaba, kwa ajili ya mende.
Akatandaza gazeti ndani, akafunga,
akamwamuru mwanawe amwagie maji robo saa.
Gazeti likatoka kavu,
ila pembe moja, doa la ukubwa wa sarafu.
Akalipaka silikoni kwa kidole
taratibu, kama anayempaka mtoto dawa ya kidonda.

Jumamosi, harusi Maramba.
Hoza akaweka mguu juu ya tairi kwa mazoea,
akatazama nyuma. Hapakuwa na pa kukaa.
Nikamfungulia mlango wa mbele.
Akaingia kama mgonjwa anayepelekwa Bombo,
magoti pamoja, macho kwenye kioo.

Mvua ilitushukia Amboni.
Ilipiga bati kwa hasira ya mtu aliyefungiwa nje.
Nikamtazama pembeni:
shati lake lina mistari ya kijani.
Miaka yote hiyo nimeliona limelowa,
limeshikamana na mbavu, rangi moja na matope.

Kila kilima mkono wake ulitoka dirishani,
ukapapasa hewa, ukatafuta kamba.

"Sasa mimi nalinda nini?" aliuliza.

Sikuwa na neno. Nikachomoa ufunguo wa sanduku
kwenye shada la funguo zangu, nikampa.
Ufunguo wenyewe mdogo, hauzidi kidole.
Aliushika kwa mikono miwili.