Chai

Ukutani jikoni, hoteli ya serikali, Kizingo,
tangazo limebandikwa kwa uji wa ngano:
MTUMISHI WA UMMA HAPOKEI CHAI.
Na mimi, mwaka wa kumi na nne huu,
kazi yangu ni kubeba chai.

Juzi mgeni wa chumba cha tisa,
mama wa Taveta aliyemleta mwanawe kliniki,
aliacha noti ya hamsini chini ya kisahani,
imekunjwa mara nne, ndogo kama hirizi.
Nikamkimbilia ngazini: "Mama, umesahau."
"Sijasahau. Ulimpoozea mwanangu uji,
ukampulizia kijiko kwa kijiko.
Hiyo ni asante.
Au siku hizi asante nayo ni hongo?"

Sikuwa na jibu lenye muhuri.

Ghorofani, Bwana Mwachiru alikuwa akitia saini
zabuni ya masufuria,
yale ambayo hayajafika tangu Ramadhani ya mwaka juzi.
Yeye hapokei hamsini.

Noti nikairudisha. Mkono wake ukabaki wazi
kama wa mtu aliyetoa salamu isiitikiwe.

Leo asubuhi, kabla birika halijachemka,
nimeongeza kwa kalamu, herufi ndogo, chini ya tangazo:
isipokuwa ya shukrani.

Mpaka sasa hakuna aliyefuta.