Ngozi Iliyohama

Kabla sijawa kinyozi nilikuwa mlinzi
wa mtoto mmoja, kwa robo saa,
mama alipotoka kuchota unga ghalani.
Tanuri letu lilikuwa shimo sakafuni,
mdomo wazi, usawa wa nyayo zetu.
Berfin ana miaka miwili. Mimi kumi na mmoja.
Niligeuka dirishani kutazama theluji.
Hilo tu. Sikufanya kingine.

Kuanzia panja la kulia hadi utosini
ngozi ilirudi bila nywele,
laini, yenye kung'aa, nyekundu siku za baridi.
Mama akaifunga kitambaa.
Shuleni wakakivuta.

Nikaenda Erzurum kujifunza wembe
kwa mzee Selahattin, nyuma ya mafundi viatu.
Nazijua nywele: zinavyojizungusha kisogoni
kama maji yanayotoroka karoni,
zinavyokataa kulala upande usio wao.
Vichwa elfu vimepita mikononi mwangu.
Kimoja nilikikwepa.

Daktari Nermin hakuahidi nywele mpya.
"Palipoungua hapaoti," alisema.
"Nitazifanya hizi zilizobaki zitoshe."
Mama akacheka. Hilo analijua:
donge la watu wanne, wageni wakaja saba,
unalivuta, unalibembeleza, lisitoboke.

Basi mfuko wa mpira chini ya ngozi yenye nywele,
na kila Alhamisi sindano ya maji ya chumvi.
Kichwa kikavimba upande, kikawa na kilima.
Berfin aliibatiza nundu ile Mpangaji.
"Mpangaji leo hakulala.
Mpangaji anataka nyumba kubwa zaidi."
Ndani ya basi watu walihama viti.
Yeye akapata cha dirishani, kila Alhamisi,
akala mbegu za alizeti njia nzima.

Wiki ya tisa nywele za kilimani zilikuwa zimeachana
kama kondoo waliofunguliwa malisho mapana.
Usiku ule nikauliza kama nimnyoe.
"Thubutu," daktari akasema. "Acha kila unywele.
Ndizo zitakazonionyesha zinaelekea wapi."

Saa tano na nusu.
Kovu likakatwa lote,
ngozi iliyojifunza kuwa pana
ikavutwa juu ya mahali pale, ikashonwa.
Nilimuuliza nesi kovu limepelekwa wapi.
Akaniangalia kama niliyeuliza habari za jana ilipokwenda.

Leo ameketi kwenye kiti changu,
shingo imelala ukingoni mwa beseni.
Najaribu maji kwa kifundo cha mkono,
mara ya pili, mara ya tatu.
"Ya baridi haya," anasema. "Ongeza moto."
Siongezi.
Ananyoosha mkono, anafungua mwenyewe.

Mshono umejificha msituni, mwembamba kama uzi,
nimeupata kwa kidole tu, si kwa jicho.
Nasugua utosini. Povu linapanda.
"Mbona unanisugua nyuma ya sikio?"
Nasimamisha mkono. Uko utosini.
Nasogea mbele kidogo. "Na sasa?"
"Sikioni bado."
Ngozi ilihama, wala haijaambiwa;
barua zake bado zinafika anwani ya zamani.

"Niko huku juu," namwambia.
"Najua uliko," anasema, macho yamefumba.
"Mimi nakusikia kule.
Usiache. Endelea."