Barua Isiyo na Bahasha

Saa tano na dakika saba simu ililia
mara moja, kama kijiko kilichoanguka,
nami mikono imejaa maganda ya viazi.

"Bi. E. PROSER," kwa S moja.
"Una miadi Jumanne, saa tatu na dakika arobaini,
Kliniki ya Sita, ghorofa ya pili.
Kuthibitisha, bonyeza kiungo."

Kiungo!
Viungo vyangu wamevibonyeza madaktari watatu:
goti, kiwiko, na kile kidole cha mguu
kilichokosana na toroli la posta mwaka wa theluji nyingi.
Hakuna aliyewahi kuniomba
nikibonyeze mwenyewe, jikoni, kwa kidole chenye wanga.

Sikuwa nimeomba miadi.
Sikuwa nimekohoa mbele ya mtu.

Miaka thelathini na mmoja nilichambua barua
katika posta ya Blaenau, mvua ikipiga vigae vya mawe,
na barua ilikuwa na mwili.
Ya mdai ina kidirisha cha nailoni na haina haya.
Ya mpenzi imelambwa mara mbili, gundi imevuka mpaka.
Ya hospitali ni nyembamba, muhuri umekaa mshazari,
na watu huipokea kwa vidole viwili
kana kwamba inaambukiza.
Hii je? Ninuse nini, kioo?
Niliigeuza simu nikautazama mgongo wake,
mazoea ya kijinga,
kama vile aliyetuma angeandika anwani yake huko.

Hefin wa ng'ambo ya barabara aliambiwa kifurushi chake kimekwama.
Pauni moja na peni arobaini tu, kukikwamua.
Kufikia chai ya jioni akaunti ilikuwa imekaushwa,
pamoja na akiba ya jiwe la kaburi la mkewe.
Menna hana jiwe hadi leo.

Basi sikubonyeza.
Wala namba iliyokuwa ndani ya ujumbe sikuipiga;
humwulizi mgeni mlangoni kama yeye ni mwizi.
Nilikwenda kwenye droo ya Idwal,
ile inayofunguka kwa kusaidiwa na goti, maana imevimba,
nikatoa barua ya hospitali ya mwaka aliofariki,
karatasi hasa, yenye duara la kikombe kwenye kona,
nikaipiga namba ya juu kulia.

"Wewe ni wa ishirini na sita kwenye foleni."
Muziki. Fidla moja ikisaga jambo lile lile.
Wa kumi na tisa. Viazi vikaanza kuwa vyeusi.
Wa kumi na nane.
Wa kumi na nane.

Nikajikuta namwombea mwizi.
Awepo, jamani. Awe kijana katika chumba kisicho na dirisha,
orodha ya majina mbele yake, njaa nyuma yake,
awe amenitupia ndoano kama alivyowatupia maelfu,
bila kunijua, bila habari ya kifua changu wala damu yangu.
Mwizi anataka pesa tu.
Nina pauni mia sita na kumi. Ningempa nusu
ili awe mwongo.

Sauti ya msichana. Nerys, alisema.
Tarehe ya kuzaliwa, msimbo wa posta,
na vidole vyake vikatembea juu ya vitufe, nikavisikia.
Kisha kimya,
kimya ninachokijua: cha mtu aliyesimama mlangoni
akisoma bahasha kabla ya kuifungua.
"Ndiyo, mama, ni yetu. Inatokana na ile damu ya mwezi wa tatu."
"Mmeniandika kwa S moja."
"Ndivyo ulivyo hapa tangu mwaka wa themanini na nane."
"Wananiitia nini?"
"Hilo kwangu halionekani, mpenzi. Ataeleza daktari."

Nilimshukuru. Nilimshukuru mara mbili, sijui kwa nini.

Vile viazi vyeusi nilivikata pembeni, vikapikika.
Nikaandika "Jumanne" nyuma ya bahasha,
bahasha ya kweli, ya bili ya maji,
halafu nikaweka kidole, bado kina wanga,
chini ya sikio, pale damu inapogonga,
nikabonyeza.

Kulikuwa na mtu ndani. Aliitika.